Mgeni Afaa, Mkwe Hafai

Katika Othello, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1604, mzee Brabantio wa Venice humkaribisha nyumbani jenerali mweusi na kufurahia masimulizi yake ya vita. Lakini anaposikia kwamba binti yake Desdemona ameolewa naye kwa siri, anadai karogwa. Mgeni alifaa; mkwe hakufaa.

Wapo wanaosema mwisho wampa baba haki, kwa kuwa Othello anamuua mkewe. Mimi sikubali. Brabantio alimwonya Othello kwamba aliyemdanganya baba anaweza kumdanganya mume. Baadaye Iago aliyaokota maneno hayohayo akayafanya sumu. Ndoa ile haikuvunjwa na rangi, bali na watu waliokataa kuamini kwamba Desdemona alimpenda mtu mweusi kwa hiari yake. Hatimaye Othello mwenyewe akawasadiki.

Kwetu Rwanda, kilichotenga watu si rangi mbili bali kitambulisho. Tangu miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika humo Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mtoto alifuata upande wa baba. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, familia za mchanganyiko zilipasuliwa na chuki iliyofundishwa, si na ndoa zenyewe.

Leo kitambulisho hakitaji kabila. Hata hivyo, hapa Kigali mzazi bado aweza kumwambia binti yake, "Nakuhurumia tu, mwanangu, utateseka." Huenda ni upendo. Lakini kabla ya kusema ajiulize: maneno haya atayaokota nani?