Fundo la Kikwembe

Mama wa Bogoro, binti yako anapanda pikipiki, anakwenda mjini Bunia. Unafungua fundo la kikwembe chako, unatoa noti iliyokunjwa, unamfungia kwenye ncha ya kikwembe chake.

Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate, naye alifunga fundo. Ilikuwa mwaka 1858. Alikuwa mgonjwa, mumewe, Bwana Mataka, ameshafariki. Hakufunga pesa. Alifunga maneno. Alitunga utendi, ubeti baada ya ubeti, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Maneno mengine yanamtaka mke anyenyekee mno. Hapo mimi nasita. Lakini utendi wake ungali unasomwa.

Mama, pikipiki inaunguruma. Kabla haijaondoka, mfungie binti neno moja.