JE, KULIMA NAKO NI KAMARI?



Kati ya barua zilizotufikia hivi karibuni imo moja iliyotoka Katumba Songwe, wilayani Kyela, upande ule wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ambako mto Songwe hutenga nchi yetu na Malawi kabla ya kumwaga maji yake ziwani. Aliyeiandika ni baba wa nyumba, mkulima wa mpunga, mwenye miti michache ya kakao. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa ametuomba tusilitaje, na sababu aliyoitoa tutaifikia baadaye. Kwa ajili hiyohiyo tumebadili mambo mawili matatu katika habari zake, asije akatambulika.

Barua haina matusi wala kejeli. Yataka jibu tu. Asema kwamba Jumapili moja alisikia mahubiri juu ya kamari. Padre aliwakemea wanaobeti mpira na wanaotia sarafu katika mashine, akawaita wavivu wanaotaka kula bila jasho. Ndugu yetu alitoka kanisani moyo ukimwuma, wala si kwa toba. Alijua kwamba yeye si mvivu. Atuandikia hivi:

"Baba Mhariri, nimelima bondeni miaka ishirini. Nanunua mbegu, nalipa vibarua wa kupandikiza, natia mbolea, kisha naketi kungoja. Mto ukifurika mwezi wa nne, sina kitu. Mto ukitulia, mpunga unakuwa mwingi kwa kila mtu na bei inaanguka. Je, hiyo si kamari? Tena ni kamari ya laki tano, na mkeka wangu ni wa shilingi elfu moja. Mbona ile ya laki tano mnaibariki kwa maji ya baraka, na hii ya elfu moja mnaiita dhambi?"

Twakiri kwamba swali hili si la kipuuzi, na twakiri pia kwamba sisi wenye kuhubiri tumezoea kulipita kando. Anayecheza kamari vijijini mwetu mara nyingi ni mtu aliyeamka alfajiri. Amelima, amevua, amebeba mizigo mpakani Kasumulu; jioni akihesabu alichopata aona hakitoshi. Halafu asikia redioni habari za mtu aliyeshinda mamilioni kwa shilingi mia tano. Tusishangae akijiuliza kama jasho lina maana.

Tena mkulima wa Kyela ameona kwa macho yake mambo yanayoweza kumfundisha hivyo. Miaka mingi kakao ilikuwa zao la bei ya kawaida. Kisha mavuno yakaharibika Ghana na Ivory Coast, na katika mwaka 2024 bei ya duniani ikapanda kupita dola 10,000 kwa tani, jambo lisilopata kuonekana. Baadaye ikashuka tena. Mti ni uleule, mkulima ni yuleyule, jasho ni lilelile. Bei yafanywa katika masoko ya London na New York na watu ambao wengi wao hawajapata kulipasua tunda la kakao. Mtu aliyeona hayo, ukimwambia kwamba pato hufuata juhudi, atakutazama tu.

Basi tusimjibu ndugu yetu kwa kumwambia kwamba kulima hakuna bahati. Kuna bahati. Bwana wetu mwenyewe alilijua jambo hilo, maana katika mfano wa mpanzi sehemu tatu za mbegu zapotea: njiani, juu ya mwamba, na kati ya miiba. Hakumcheka mpanzi wala hakumwita mjinga. Wala Mama Kanisa hafundishi kwamba kila mchezo wa kubahatisha ni dhambi. Mitume walipiga kura kumpata Mathia, na Katekisimu yasema wazi kwamba michezo hiyo na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa yenyewe. Yawa mibaya inapomnyima mtu kile kinachohitajika kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea, na tamaa yake yaweza kumfanya mtu mtumwa. (Wapo watakaotuuliza habari za bahati nasibu zinazouzwa katika sherehe za parokia. Watuulize, ni haki yao. Tikiti moja ya kujengea zahanati haijamfilisi mtu, lakini paroko anayezitegemea kila mwaka afadhali ajihoji.)

Kama ni hivyo, tofauti iko wapi?

Tutazame kwanza mali yenyewe yatoka wapi. Mto ukitulia nawe ukavuna magunia kumi, hakuna jirani aliyelia ili wewe upate. Magunia yale hayakuwapo duniani, sasa yapo, na watu watakula. Katika kamari hakuna kilichoota. Anachobeba mshindi ndicho walichokiacha walioshindwa, baada ya mwenye mchezo kutoa fungu lake na Serikali kutoa kodi yake. Aliyeshindwa hatangazwi redioni.

Pili, mto Songwe ni mkali, wahama hata njia yake na kusumbua mpaka wa nchi mbili, lakini hauna karani anayepiga hesabu ili wewe ushindwe. Mchezo wa kamari unaye. Tuseme unabashiri sarafu inayorushwa juu, nafasi yako ikiwa nusu kwa nusu. Mwenye mchezo akifanya haki kamili, atakulipa shilingi 2 kwa kila shilingi 1. Lakini anazo gharama zake na faida yake, basi akulipe shilingi 1 na senti 90. Ni senti 10 tu, nani atalalamika? Sasa unganisha ubashiri wa namna hiyo 10 katika mkeka mmoja, yote itimie ndipo upate. Nafasi yako ni 1 katika 1,024. Kwa haki shilingi 1,000 yako ingezaa 1,024,000. Kwa hesabu ya senti 90 utapewa karibu 613,000. Zile senti 10 zilizoonekana ndogo zimekula sehemu 4 katika kila 10 za haki yako, nawe hukuona mkono wa mtu mfukoni mwako. Ndiyo maana mikeka mirefu husifiwa sana katika matangazo. Kwa mashine za sarafu, zile ambazo vijana wengine huziita dubwi, hesabu imekwisha kuwekwa ndani kabla hujatia sarafu ya kwanza.

Tena shamba hufundisha. Aliyechukuliwa mpunga na maji mwaka mmoja, mwaka wa pili hupeleka kitalu mahali pa juu, huwahi kupanda, hupanda migomba na kakao pale maji yasipofika. Miaka ishirini bondeni ni shule. Mashine haimfundishi mtu lolote, kwa kuwa mzunguko wa leo haukumbuki wa jana. Inachojua ni kumwonyesha picha mbili zinazofanana na ya tatu iliyokosa kidogo, kama vile mkeka unavyochanika kwa mchezo mmoja. Naye aenda nyumbani akisema, "Nilikaribia." Hakukaribia popote. Neno hilo la kukaribia limewafunga watu wengi kuliko ushindi wenyewe, na Shirika la Afya Duniani limeiweka hali ya kushindwa kuacha kamari katika orodha yake ya magonjwa. Twalisema hili ili wenye ndugu wa namna hiyo wasiwaone kuwa watu waovu tu, wala wasidhani kwamba kuwafokea kutawaponya.

Yupo mtakatifu aliyeijua njia hiyo mpaka mwisho wake. Camillus wa Lellis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550, alikuwa askari na mcheza kamari. Huko Naples alicheza mpaka akapoteza silaha zake, vitu vyake vyote, na hata shati la mwilini. Kijana mrefu, mwenye nguvu, mwenye kidonda mguuni kisichopona, akaenda kuomba mlangoni pa kanisa. Hakuokolewa na mchezo mwingine wa bahati. Aliajiriwa kazi ya kibarua, kubeba vifaa vya ujenzi kwa Wakapuchini wa Manfredonia, na katika kazi hiyo, mwaka 1575, Mungu alimgusa moyo. Baadaye aliunda shirika la kuwahudumia wagonjwa, na watawa wake wamefika hata kwetu Afrika ya Mashariki, kama wale wa hospitali ya Karungu huko Kenya. Twapenda hasa jambo hili, kwamba neema ilimkuta akiwa amebeba mzigo.

Lakini tumwache mtakatifu, turudi Katumba Songwe, kwa maana hatujasema bado lililotugusa zaidi katika barua ile.

Mwishoni kabisa, chini ya sahihi yake, kwa herufi ndogo, ndugu yetu ameandika: "Usitaje jina langu, Baba. Mke wangu ndiye husoma gazeti hili kwanza, naye hajui habari za gunia." Gunia gani? Akaeleza kwa mistari mitatu. Lilikuwa gunia la mpunga lililowekwa kwa ajili ya mahitaji ya shule ya binti yao. Aliliuza kidogo kidogo, akitaka kurudisha fedha zilizopotea katika mikeka. Akamwambia mkewe kwamba amemkopesha ndugu yake aliyefiwa.

Ndugu yetu mpendwa, umetuuliza tofauti ya kamari ya laki tano na kamari ya elfu moja. Jibu umeliandika mwenyewe chini ya sahihi yako. Mwaka ule mto ulipofurika ukachukua laki tano zako, ulimficha mkeo? Twaamini alisimama nawe penye tope mkatazama pamoja. Kabla ya hapo mlikuwa mmechagua mbegu pamoja, yeye amepandikiza, watoto wamefukuza ndege. Hasara ile iliwapiga wote, lakini haikuwatenga. Huyo ndugu uliyesema amefiwa hakuhitajika ili kuielezea. Sasa tazama ile elfu moja yako. Imehitaji uongo, uongo umehitaji msiba usiokuwapo, na sasa kila jamaa huyo anapopita mlangoni pako wewe watetemeka, mkeo asije akamdai mpunga.

Hilo ndilo tunaloliogopa kuliko fedha. Fedha za gunia moja zaweza kupatikana. Mtu anayeanza kuishi vyumba viwili katika nyumba moja, kimoja cha mkewe na watoto, na kingine cha simu yake usiku, huyo yuko hatarini hata siku anaposhinda. Nawe washuhudia hayo, maana wasema ulishinda mara moja shilingi elfu themanini, na fedha zile hazikuingia nyumbani. Ungesema zimetoka wapi?

Zamani kidogo mtu alipaswa walau kwenda mahali, akaonekana na majirani, na aibu ikamsaidia. Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 yakataza mtoto wa chini ya miaka 18 asicheze, na ni sheria njema; lakini sheria yasimama mlangoni, na simu haipiti mlangoni. Nchi jirani zimeona uzito wa jambo hili. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa kubwa, na mwaka huohuo Rais wa Uganda aliagiza zisitolewe leseni mpya za kubashiri michezo. Kama hatua hizo zilitosha, ni mjadala wa wanasiasa. Sisi twawauliza wazazi jambo dogo zaidi: ni nani katika nyumba yenu anayejua namba ya siri ya simu ya baba, na baba anajua nini juu ya sarafu anazopewa mtoto akatumwa dukani penye mashine?

Umetuuliza pia ufanye nini, kwa kuwa bado unadaiwa. Usijaribu kulirudisha gunia kwa mkeka mwingine. Hilo walijua tayari. Mwenye duka unayedaiwa naye mwombe akusubiri mpaka mavuno, na fedha ya kakao itakapolipwa kwa njia ya chama cha ushirika, mkeo awepo mnapoipokea. Nenda kwa padre wako kuungama. Si lazima awe yule aliyehubiri, ingawa twadhani angefurahi kukusikia, na angehubiri vizuri zaidi baadaye. Mwombe kijana unayemwamini aifute ile programu katika simu yako mbele ya macho yako. Hayo yote hata hivyo yatakuwa rahisi baada ya lile la kwanza.

Lile la kwanza ni mkeo. Tulipokea barua yako majuma matatu yaliyopita, na jibu lilikuwa tayari siku chache baadaye. Tumeliweka makusudi, tukakujibu kwanza kwa barua ya siri, tukikuambia Jumapili ambayo gazeti hili litafika parokiani, ili kabla ya yeye kulifungua mezani awe amekwisha kusikia habari za gunia kutoka kinywani mwako.