Kishungi na Kilichofichwa

Mfugaji wa njiwa huchagua kwa macho, na hapo ndipo anapoanza kudanganyika. Hapa Eldoret punje za ngano na mahindi hazikosi, na vibanda vya mbao vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili paka wasifike utavikuta nyuma ya nyumba nyingi. Kijana akipata dume mweupe, au mwenye kishungi kisogoni, basi huyo ndiye mbegu. Wa kijivu wanaliwa. Wahenga walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Njiwa wote wa kufugwa, hata wawe na sura gani, wametokana na njiwa wa mwituni wa majabali, wa kijivu mwenye milia miwili myeusi mbawani. Charles Darwin, aliyeanza kuwafuga kwake Uingereza mwaka 1855, alipandisha weupe wa mkia mpana na weusi, kisha akapandisha watoto wao. Mjukuu mmoja akatoka wa kijivu safi, kiuno cheupe, na ile milia miwili mbawani. Ya mababu yalikuwa yamelala, hayakufa.

Kishungi nacho ni hivyo hivyo. Mwaka 2013 kundi la Michael Shapiro wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, lilionyesha kwamba kinatokana na badiliko katika jeni moja, EphB2. Kinda lazima alipate badiliko hilo kwa baba na kwa mama. Akilipata upande mmoja tu, kisogo chake kinabaki laini, naye analibeba kimyakimya hadi kwa wanawe. Ndiyo maana wazazi wawili wasio na kishungi wanaweza kuzaa kinda mwenye nacho. Rangi ina njia nyingine: pandisha jike mwekundu wa majivu na dume wa kijivu asiyebeba wekundu huo, watoto wa kiume watatoka wekundu kama mama, wa kike watakuwa na kijivu cha baba.

Hatari ni kuchagua jambo moja na kufumbia macho mengine. Wafugaji wa Uingereza walipenda mno njiwa wa mdomo mfupi, wakachagua mdomo mfupi kizazi baada ya kizazi, hadi makinda wengi wakawa wanafia ndani ya yai kwa kushindwa kulipasua ganda. Darwin aliandika kwamba wenyewe walilazimika kuwasaidia kutoka. Kwangu mimi huo ni ukatili, hata ukivikwa jina la ufundi. Ndege aliyejaliwa kulea vizuri hivi, baba na mama wakiwalisha makinda kwa zamu kimiminika kizito mfano wa maziwa kinachotengenezwa kooni mwao, ananyang'anywa hata uwezo wa kuanguliwa.

Kosa letu sisi ni jingine. Njiwa hutaga mayai mawili, na wengi huamini kwamba kila mara ni dume na jike, basi ndugu wa kiota kimoja wanaachwa waoane. Lile baya ambalo kila mmoja alilificha linakutana na pacha wake, na makinda wanatoka dhaifu. Kwa watoto wetu hatukubali hivyo. Kabla ya koito, sherehe ya posa, wazee wa Kikalenjin huulizana ukoo, na kwa desturi vijana wa ukoo mmoja huambiwa watafute kwingine. Walijua kulinda uzao kabla ya yeyote kutamka jeni.

Uangalifu huo ufike kibandani. Mtazame jike anavyotulia juu ya mayai kwa zile siku 18 hivi, dume akimpokea mchana. Angalia kama makinda wote wawili wanafika kuruka. Rangi na kishungi vije baadaye. Na dume mgeni achukuliwe mbali, Turbo au Iten, si kwa jirani aliyenunua makinda kwako mwaka jana.