Aongozaye Wengine Autawale Kwanza Moyo Wake

Wakatekumeni wapenzi, Ubatizo humfanya mtu kuwa mwana wa Mungu. Tena humshirikisha kazi ya Kristu, aliye Kuhani, Nabii na Mfalme. Kwa hiyo kila mbatizwa hukabidhiwa watu: baba na mama hukabidhiwa watoto, mzee hukabidhiwa ukoo wake, kiongozi wa sala hukabidhiwa wale wakusanyikao Jumapili katika kijiji ambapo padri hafiki mara nyingi. Wengi hudhani kwamba mtu huongoza kwa sauti kubwa, au kwa elimu nyingi, au kwa kuogopwa. Sivyo. Aongozaye vema huutawala kwanza moyo wake mwenyewe, kisha huusikiliza moyo wa mwenzake.

Habari za mfalme Nkongolo

Wazee wa nchi ya Waluba, toka Kamina hata mto Lualaba, husimulia habari za mfalme Nkongolo Mwamba. Watu wa chama cha Mbudye walizihifadhi habari za wafalme kwa ubao uitwao lukasa, uliopambwa kwa shanga. Waligusa shanga kwa kidole na kukumbuka mambo ya kale. Nkongolo alikuwa na nguvu nyingi, lakini hakujua kuizuia hasira yake. Dada yake alizaa na mwindaji mgeni, Mbidi Kiluwe, aliyekuwa mtu wa adabu. Mtoto akaitwa Kalala Ilunga. Kijana huyo alipokua alimpigania mjomba wake vitani, na watu wakamsifu.

Sifa zile zilimchoma mfalme. Akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, akamwalika mpwa wake aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kijana kwa mlio wa ngoma. Kalala akakimbia, akavuka Lualaba, akarudi na jeshi la baba yake. Naye Nkongolo akapoteza ufalme pamoja na uhai.

Tazameni vema. Kalala hakuwa adui. Alikuwa askari bora wa mfalme. Wivu ndio uliomgeuza. Tena mpiga ngoma aliitwa kwa amri ya mfalme, na mikono yake ilitii, lakini ngoma ilisema neno la kumwokoa kijana. Ndivyo walivyo watu wanaotawaliwa kwa woga: mikono yao iko kazini, mioyo yao iko kwingine.

Neno moja lililovunja ufalme

Maandiko Matakatifu yanatueleza jambo lililo karibu na hilo, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 12. Solomoni alipokufa, watu walimwendea mwanawe Roboamu huko Sikemu. Hawakuomba dhahabu, waliomba tu awapunguzie mzigo wa kazi ngumu ambao baba yake aliwatwika. Wazee wakamshauri awajibu kwa upole na kuwatumikia. Vijana waliokua pamoja naye wakamshauri awatishe. Roboamu aliona haya kuonekana mnyonge, akawajibu kwa ukali. Siku ile makabila kumi yakamwacha, wala hayakurudi tena. Hasira hasara, wahenga walisema.

Padri aliyejifunza kusikiliza

Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akafanya kazi kati ya Waluba. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba miaka kumi ya kwanza alijiendesha kama bwana mkubwa: aliamuru, alifundisha, alikataza, lakini mafundisho yake hayakuingia mioyoni. Ndipo akageuka. Akaanza kuwauliza watu wao ni nani, na wanatamani nini maishani. Wakamfungulia. Akaona kwamba wanatamani mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Akatambua kwamba yeye pia alikuwa na haja hizo hizo, na kwamba Kristu ndiye azitimizaye. Mwaka 1945 kilitoka kitabu chake juu ya mawazo ya Wabantu. Toka mwaka 1953 hivi, huko Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao, ikazaliwa Jamaa. Baadaye vikundi vingine vilipotoka, na Maaskofu wakavirudi; lakini fundisho la kwanza halikupotea. Evanjili aliyoihubiri padri ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni namna yake ya kukaa na watu.

Jambo litokealo vijijini

Fikirini sasa jambo hili. Mama mmoja afika kanisani sala imekwisha kuanza, kwa kuwa mtoto wake amewaka homa usiku kucha. Kiongozi wa sala amkemea mbele ya wote. Watu wanyamaza, sala yaendelea, na kiongozi adhani ameweka utaratibu mwema. Jumapili ifuatayo mahali pa mama yule ni patupu, na watoto wake hawaji tena kwenye mafundisho. Nani atajibu mbele ya Mungu kwa ajili ya roho hizo?

Kiongozi mwenye hekima ya moyo angalingoja sala imalizike, kisha angalimwuliza faraghani: «Mama, nyumbani kwema?» Akiisha kujua habari, angalikwenda kumwona mtoto. Na kama mtu amechelewa kwa uvivu, angalimwonya kweli, lakini angalimwonya peke yake, bila kumwaibisha.

Maana upole si kuificha kweli. Bwana Yezu aliwafukuza wachuuzi Hekaluni, na Petro alimkaripia waziwazi. Lakini usiku ule Petro alipomkana mara tatu, Bwana hakumpigia kelele. Aligeuka, akamtazama, na Petro akatoka akalia machozi ya uchungu. Baada ya kufufuka hakumsomea hesabu ya makosa yake. Alimwuliza mara tatu kama ampenda, ndipo akamkabidhi kondoo zake. Asiyependa hakabidhiwi kondoo.

Maswali ya kujifunza nyumbani

Swali: Je, hasira yenyewe ni dhambi?
Jibu: La. Hasira huja yenyewe moyoni mbele ya ubaya. Huwa dhambi mtu akikubali kumdhuru mwenzake, au kulipiza kisasi.

Swali: Kiongozi afanye nini akiisha kukasirika?
Jibu: Afunge kinywa kwanza, asali kidogo, aulize habari yote, kisha aseme.

Swali: Akiisha kumwumiza mtu kwa neno lake, je?
Jibu: Aende nyumbani kwake akaombe msamaha. Cheo hakimfungulii mtu mlango wa kukwepa toba.

Azimio la juma hili

Kila mkatekumeni amtafute mtu mmoja katika nyumba yake ambaye huamriwa kila siku wala haulizwi neno: pengine ni mtoto mdogo, pengine ni mke, pengine ni bibi mzee aketiye karibu na moto. Jioni, baada ya bukari, akae naye, amwulize habari ya moyo wake, amsikilize mpaka amalize. Hapo ndipo aanzapo kujifunza kazi ya ufalme wa Kristu.