Anayetoa Bure Anadaiwa Nini?

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Lakini bure je? Hapo ndipo linapoanzia swali langu, ndugu msomaji. Mtu akikupa kitu bila kukudai hata senti tano, halafu kitu kile kikakudanganya, una haki ya kumlaumu? Au yeye, kwa vile hakuchukua hela yako, amekwishanawa mikono?

Hebu nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi dagaa wanapopimwa. Kuna kopo na kopo. Lile lililobonyezwa kitako kuingia ndani, ukilitazama kwa mbele linafanana na mwenzake. Likigeuzwa ndipo unaona ulivyolizwa. Mizani ya samaki ina Wakala wa Vipimo wa kuikagua na kuigonga muhuri, na mwenye kopo bovu tunamlaani sote kwa sababu anauza. Sasa tuseme mtu hauzi. Anatengeneza makopo usiku na mchana na kuyagawa bure, mpaka kila mchuuzi analo. Mojawapo likiwa na kitako kilichobonyea, dhambi ni ya nani?

Makopo ya namna hiyo yapo, ila si ya bati. Ni programu za kompyuta, na mojawapo inaitwa Matplotlib. Kazi yake ni kuchora grafu: unaipa namba, inakupa picha. Ni sanduku la zana kwa wale wanaoandika programu kwa lugha ya Python. Aliyeianzisha ni Mmarekani, John D. Hunter, mtafiti wa ubongo katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa akichunguza mawimbi ya umeme kwenye ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Maabara yao ilikuwa na programu ya kununua yenye leseni moja tu, na kifaa cha kuifungulia kilizunguka mkono kwa mkono, leo daktari, kesho mwanafunzi, kama jembe la ukoo. Hunter akatafuta njia nyingine. Mwaka 2003 akatoa zana yake mwenyewe, akaitoa bure, tena siyo bure ya kutumia tu. Kila mstari wa ndani uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa tena. Hiyo ndiyo inayoitwa programu huria.

Hunter alifariki Agosti 2012 akiwa na miaka 44, na wengine wakashika jembe. Aprili 2019, dunia ilipooneshwa kwa mara ya kwanza picha ya shimo jeusi, lile la galaksi ya M87, zana hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizotumika.

Sasa soma leseni yake. Kwa lugha yetu ya kawaida inasema: chukua kama ilivyo, dhamana hakuna, yakikukuta tusitafutane. Kisheria mambo yamekwisha. Kuna washikaji nao watasema, ishu iko wapi? Kitu cha bure bwana, hukipendi kiache, nani kakushikia panga?

Hoja yao si ya kudharau. Kama kila mtoaji angeburutwa mahakamani kwa kila kasoro, nani angetoa tena? Tungebaki na vya kununua tu, na sisi tusio nacho tungebaki tunachungulia dirishani. Lakini hoja hiyo imesimama juu ya mguu mmoja, kwamba anayepokea anaweza kukagua halafu akachagua. Je, anaweza? Kijana wa Nyegezi mwenye kompyuta ya kuazima na bando la buku hawezi kukaa akasoma maelfu ya mistari aliyoandika mtu wa mbali. Anaandika mistari miwili mitatu, grafu inatokea, anaiamini. Wapi! Hata profesa hafanyi zaidi ya hapo.

Na hapo ndipo penye kiini. Kila chombo kina mambo kinayoyaamua chenyewe pale mwenye nacho asipoamua. Chukua ziwa letu hili. Kina chake, pale penye kina kirefu kabisa, ni kama mita 80. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita 2. Kuanzia 2003 hadi 2006 yakashuka zaidi ya mita moja. Watafiti wakataja sababu mbili, ukame na maji yaliyoachiwa kupita kiasi kwenye mitambo ya umeme ya Jinja. Tangu bwawa la kwanza la pale lilipofunguliwa mwaka 1954, maji ya kutoka yalitakiwa kufuata grafu. Naam, grafu! Waliiita Mstari wa Makubaliano: ziwa likiwa na kimo hiki, achia maji kiasi hiki. Mstari kwenye karatasi, na mtumbwi wa mtu wa Igombe unaelea au unakwama.

Hebu uchore mshuko ule. Ukianza na sifuri, yaani kule chini kwenye tope, mita moja kati ya 80 haionekani. Mstari umenyooka kama barabara ya Shinyanga, na msomaji anasema ziwa liko salama. Ukianza karibu na uso wa maji, mstari uleule unaporomoka kama jiwe lililosukumwa kutoka Capri Point. Upi ni wa kweli? Mwenye mtumbwi uliokwama hana habari na mita 79 zilizobaki. Kwake, ile moja ndiyo ziwa lote. Lakini mjanja naye anaweza kuchukua mshuko wa sentimita mbili, akauchora kwa namna hiyohiyo, akatutia kiwewe.

Usipoiambia chochote, Matplotlib huamua hivi. Mstari huukata karibu na namba zenyewe na kuacha nafasi kidogo juu na chini. Nguzo huzianzisha sifuri. Kwa nini tofauti? Kwa sababu mstari unaeleza mwendo, na jicho linafuata mwendo. Nguzo inaeleza ukubwa, na jicho linapima urefu wake. Nguzo iliyokatwa kitako ndilo lile kopo la Mwaloni. Kwa hiyo aliyeamua nguzo ianzie sifuri ameamua jambo la haki, hata kama alidhani anaamua jambo la hesabu.

Wakati mwingine uamuzi wa mwanzo huwa mbovu. Kwa miaka mingi zana hii, ikipaka rangi ramani ya joto au kina, ilitumia rangi za upinde wa mvua, kutoka bluu hadi nyekundu. Zinapendeza! Ila njano yake inang'aa kupita jirani zake, hivyo jicho linaona mpaka mahali ambapo namba zinapita polepole bila mpaka wowote. Tena kuna watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na kwao picha ile ni fumbo. Toleo la 2.0, la Januari 2017, likaziweka pembeni, likaleta rangi zinazopanda mwanga hatua kwa hatua, ziitwazo viridis. Waliozoea sura ya zamani waliachiwa njia ya kuirudia. Leseni ilikwishawasamehe. Kwa nini basi walihangaika?

Angalia na majaribio yao. Mtu akipendekeza badiliko, kompyuta huchora upya picha nyingi na kuzilinganisha, nukta kwa nukta, na picha zilizohifadhiwa. Tofauti ikizidi kiasi kilichoruhusiwa, jaribio linaanguka na mtu inabidi aeleze. Hata programu ya kuchora herufi, FreeType, huwekwa toleo moja maalumu kwa ajili ya majaribio, maana matoleo hutofautiana kidogo na mizani yenyewe ingeyumba.

Lakini tusilewe sifa. Jaribio la namna hiyo linathibitisha kwamba picha ya leo ni sawa na ya jana. Halithibitishi kwamba ya jana ilisema kweli. Zile rangi za upinde wa mvua zingeweza kufaulu majaribio ya aina hiyo kila siku iliyokwenda kwa Mungu! Aliyeshtuka alikuwa binadamu, aliyejiuliza mwingine anaona nini. Mashine inalinda kilichokubaliwa. Dhamiri ndiyo inayouliza kama kilistahili kukubaliwa.

Kuna na kazi ya kufungasha, ambayo hakuna anayeiimbia wimbo. Zana ikikamilika hutengenezewa vifurushi, hiki cha Windows, hiki cha Linux, hiki cha Mac, na herufi zake za DejaVu zikiwa humohumo ndani, ili ukishakuwa na faili unaweza kulibeba kwenye flashi na kuliweka penye mashine isiyo na intaneti. Mpishi anayekupa chakula kizuri ndani ya chungu usichoweza kukifunua hajakulisha.

Sasa nijibu swali langu. Nasema anayetoa bure anadaiwa. Deni lake halitoki kwenye pesa, linatoka kwenye imani. Kadiri anayepokea asivyoweza kukagua, ndivyo deni linavyokua. Na hulilipa kwa mambo matatu: aache kazi yake wazi ikaguliwe, aijaribu kabla ya kuigawa, na amchagulie vizuri yule asiyejua kuchagua. Akiyatimiza hayo na bado kasoro ikapenya, hana dhambi. Asipoyatimiza, leseni itamwokoa mbele ya hakimu tu.

Deni lakini lina pande mbili. Wewe unayepokea, ukiona kasoro ukanyamaza kwa kuwa "ni ya bure", umekuwa mwenzake mwenye kopo. Na ukichora grafu ya ziwa bila kutazama mhimili umeanzia wapi, usimsingizie Hunter. Asiyeweza kukagua anastahili kuhurumiwa. Anayeweza, akakataa, hastahili.

Haya yanatuhusu na sisi, vijana tunaokesha na kalamu. Sisi pia tunagawa bure. Nani kati yetu amewahi kulipwa hadithi hela ya kununua hata sato mmoja? Lakini kila hadithi ina mahali inapoanzia, kama mhimili. Anza habari ya ziwa mwaka 2003, na mitambo ya Jinja inakuwa jambazi. Anza 1961, na mvua ndiyo mhusika mkuu. Malizia Mei 2020, maji yalipokaribia kimo cha 1964 na kuingia majumbani mwa watu, na msomaji atasahau kwamba kuna waliowahi kulia kwa ukame. Zote ni kweli, na msomaji wako hana namna ya kugeuza kopo aone kitako. Anakutegemea wewe. Usimwambie eti kasoma bure.