Kifurushi Kikishavuka Kaunta

Mtu anayetuma mzigo siku hizi hana lazima ya kwenda posta. Huingia duka lile lile analonunulia sukari na vocha, akaweka boksi juu ya kaunta, na kijana wa duka akaacha kupima mchele akaliweka boksi kwenye mzani. Jina la mpokeaji na namba yake ya simu huandikwa kwa maka peni juu ya selotepu ya kahawia, mwanga mwekundu wa mashine ukapita juu ya stika, risiti ikatoka, na boksi likasukumwa chini ya rafu, kati ya mfuko wa unga na kreti ya soda, kusubiri pikipiki ya jioni. Yule kijana hamjui mtumaji wala hajui ndani mna nini. Hakuajiriwa na kampuni ya usafirishaji. Mshahara wake unatoka kwa mwenye duka, na mwenye duka naye anapata kamisheni kidogo kwa kila kifurushi. Kuanzia hapo mali itapita mikononi mwa watu ambao mwenyewe hatawaona: mwendesha pikipiki, wapangaji wa ghalani, dereva wa lori, na muuza duka mwingine katika mji mwingine. Hapo pana swali la dini na falsafa kabla halijawa la biashara. Kitu kilichovuka kaunta ni amana, kama wazee wetu walivyoielewa, au ni huduma iliyonunuliwa, ambayo mipaka ya wajibu wake imeshaandikwa nyuma ya risiti?

Wengi watajibu upesi kwamba amana ni jambo la watu wanaojuana. Picha inayokuja akilini ni ya Makka mwaka 622: Mtume Muhammad anahamia Madina, nyumbani kwake mna mali alizowekewa hata na watu wasiomfuata, naye anamwacha nyuma Ali bin Abi Talib azirudishe kwa wenyewe. Hapakuwa na kamisheni wala stika. Kwa picha hiyo, anayelipwa ametoka katika uwanja wa amana na kuingia sokoni, ambako kila mtu anadaiwa kile tu alichokubali kudaiwa. Lakini sheria za kale za dini hazikukomea kwenye picha ya jirani na jirani. Sura ya 22 ya kitabu cha Kutoka inataja hali mbalimbali za mtu aliyewekewa mali ya mwenzake ikaibwa. Katika hali moja mwekewa anaapa mbele ya Mungu kwamba hakuigusa, basi anaachiliwa. Katika nyingine analipa. Marabi waliokusanya Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi, walieleza tofauti hiyo kwa jambo moja: wa kwanza analinda bure, wa pili analinda kwa ujira. Anayelinda bure, wizi haumfungi; anayelinda kwa malipo unamfunga. Kwa hiyo malipo hayakuifuta amana. Yaliiongezea uzito, na yule anayesema "hii ni biashara tu" amejitia kitanzi kwa hoja yake mwenyewe.

Hoja iliyo ngumu zaidi ni ya daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kampuni za vifurushi zimelichukua neno hilo kwa dhati kuliko sisi sote. Kila mkono unaopokea boksi unaliskani. Kila skani inakuja kwenye simu ya mtumaji kama ujumbe mfupi. Mpokeaji hapewi kitu mpaka ataje namba ya siri, na pengine aonyeshe kitambulisho. Mtu anaweza kuuliza, kwa haki, imani inahitajika ya nini tena? Hata Kurani, atasema, inaonekana kuweka maandishi upande mmoja na uaminifu upande wa pili. Aya ya 282 ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, inaagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo. Aya inayofuata inazungumzia msafiri aliyekosa mwandishi, na hapo ndipo linapokuja agizo kwamba aliyeaminiwa airudishe amana. Inaelekea basi kwamba palipo na mwandishi pametosha, na amana ni akiba ya njiani.

Tukiisoma aya ile taratibu, hata hivyo, tunaona kwamba haimwachi mwandishi bila ulinzi wa dhamiri. Inamtaka aandike kwa uadilifu, asikatae kuandika, na wala asidhuriwe kwa kazi yake. Na anayetoa maneno ya kuandikwa anatakiwa amche Mungu asipunguze kitu. Maandishi yenyewe yamesimamishwa juu ya uaminifu wa watu. Daftari halikuchukua nafasi ya amana. Limeihamisha tu, kutoka kwa anayeshika mali hadi kwa anayeshika kalamu. Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya mwaka 1986 kuhusu kuaminiana, alitenganisha kutegemea na kuamini: kitu tunakitegemea kwa mazoea yake, mtu tunamwamini tukimwachia nafasi ya kutudhuru kwa kutarajia nia yake njema. Mashine ya kuskani ni ya kutegemewa. Inajua boksi lilipita wapi na saa ngapi, haijui kama lilirushwa au liliwekwa. Na nyuma yake yupo aliyeiandikia programu, na huyo hatuwezi kumtegemea tu. Huyo tunamwamini, tupende tusipende.

Mfano wa mambo haya haupo vitabuni peke yake. Nchini Uingereza sehemu kubwa ya posta huwa ndani ya maduka: kaunta moja inauza maziwa na magazeti, ya pili yenye kioo inapokea barua na vifurushi na kutoa fedha za pensheni, na mwenye duka ndiye wakala wa posta. Mwaka 1999 shirika la posta la nchi hiyo, Post Office, lilianza kuingiza katika kaunta hizo mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao mawakala hawakuujua ulikotoka. Mkataba ulitafsiriwa kwamba pengo ni lao, nao wakaliziba kwa akiba zao, wengine kwa kukopa au kuweka nyumba rehani. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye shida hiyo. Shirika lenyewe likawa mlalamikaji na mwendesha mashtaka pia, na mahakama za Uingereza huichukulia kompyuta kuwa iko sawa mpaka patokee ushahidi kinyume. Hadi mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au kughushi hesabu. Baadhi walifungwa jela, baadhi walifilisika, na wapo waliojiua.

Alan Bates, wakala wa Llandudno huko Wales, alinyang'anywa posta yake mwaka 2003 kwa kukataa kukubali hesabu asizoweza kuzikagua. Yeye na wenzake zaidi ya 500 walifikisha kesi Mahakama Kuu ya London, na Desemba 2019 hukumu ikatoka kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuzalisha upungufu ule. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hatia zile kwa pamoja, jambo la nadra sana katika nchi ambayo bunge haliingilii hukumu za mahakama. Nakaa na kisa hiki kwa sababu kinaigeuza hoja ya daftari juu chini. Watu walioaminiwa na vijiji vyao kwa miaka walivuliwa uaminifu na karatasi iliyotoka kwenye mashine, na hakuna aliyemuuliza mwandishi wa karatasi ile kama aliandika kwa uadilifu. Daftari lilikuwepo, tena la kisasa kabisa. Amana ya kalamu ndiyo iliyokosekana.

Ikiwa amana haiondoki, linabaki swali la nani alipe mali ikipotea. Hapa wanazuoni wa Kiislamu walibishana kwa undani ambao wanasheria wa leo wangefaidika nao. Abu Hanifa aliona kwamba fundi au mchukuzi anayehudumia watu wote ni mshika amana: asipozembea wala kuvuka mipaka, halipi. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walimkhalifu. Kwao analipa, isipokuwa kwa balaa lisilozuilika, kama moto ulioteketeza mtaa mzima. Imepokewa kwamba Ali aliwatoza mafundi akisema watu hawatengemai ila kwa hilo, ingawa Imamu Shafii hakuuona upokezi huo kuwa wa nguvu. Na Shafii mwenyewe, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu kuanzia Lamu hadi Kilwa, ana habari ya kufikirisha. Mwanafunzi wake Rabii bin Sulaiman anasimulia kwamba rai ya mwalimu ilikuwa mafundi hawalipi, lakini hakuitangaza kwa kuchelea mafundi wabaya. Alijua kanuni iliyo sawa mbele ya mtu mwema inaweza kuwa mlango wazi kwa mwizi. Karne nyingi na bahari nzima mbali, Warumi walikuwa wamepita njia hiyo hiyo. Amri ya hakimu wao iliwabana wenye meli, wenye nyumba za wageni na wenye mazizi kulipa mali walizopokea hata bila kosa lao, isipokuwa kwa ajali ya bahari au maharamia. Mwanasheria Ulpian alitoa sababu mbili: wasafiri wanalazimika kuwaamini watu hao, na bila ukali huo wangepata mwanya wa kula njama na wezi.

Sababu ya kwanza ya Ulpian ndiyo ninayoishika. Anayekabidhi boksi hachagui mwendesha pikipiki wala mpanga ghala, wala hawezi kuwachunguza. Imani yake ni ya lazima. Aliyeijenga njia, akaweka bei yake na anayekula faida yake kubwa ni kampuni, basi dhamana ya upotevu iende kwa kampuni, isitelemshwe hatua kwa hatua mpaka imfikie kijana wa kaunta kwa kukatwa mshahara. Hapo nawafuata wale wanafunzi wawili dhidi ya mwalimu wao, na nadhani hofu ya Shafii inaniunga mkono zaidi kuliko rai yake. Kijana hasalimiki kwa hilo. Anabaki na amana ya mwenendo: asilirushe boksi, asilifungue, asimpe asiye mwenyewe, asiseme "sijui" ilhali anajua. Mtu anaweza kuwa na amana kamili bila kubeba deni lote, na kuchanganya mambo hayo mawili ndiko kulikowaponza mawakala wa Uingereza.

Litakuja pingamizi la bei. Ukiibana kampuni ilipe kila kilichopotea, itapandisha nauli, na muuza nguo wa mtandaoni anayetuma gauni moja kwa siku atashindwa. Pingamizi hili lina ukweli, na jibu lake si kubwa: kampuni inayobeba maelfu ya mizigo inaweza kugawa hasara moja kwa wote kwa senti chache, wakati mwenye gauni lililopotea ameibeba peke yake. Tena dhamana haimaanishi kulipa chochote kinachodaiwa. Mtumaji naye ana sehemu yake. Akificha kwamba ndani mna simu ili alipe nauli ya viatu, au akifunga chupa ya asali kwa gazeti moja, amemkabidhi mwenzake kitu asichokijua, na haki ya kudai thamani kamili ameipunguza mwenyewe. Tamko la kweli la kilichomo ni amana inayokwenda upande wa pili wa kaunta.

Wapo watakaosema kwamba aliyepokea risiti amekubali masharti, na maneno ya nyuma yake, kwamba kampuni haitahusika na upotevu wala uharibifu, ni mkataba kama mikataba mingine. Lakini ridhaa ya kweli hutaka mtu awe amesoma, ameelewa, na anaweza kukataa. Maandishi madogo kama chawa, kwa Kiingereza cha mawakili, yanayotolewa baada ya fedha kulipwa, hayatimizi hata sharti moja kati ya hayo matatu. Kutumia kalamu kwa namna hiyo ni kuandika bila uadilifu, nasi tumeshaona mwandishi ameamrishwa nini.

Basi wenye kampuni waandike mbele ya risiti, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, mzigo ukipotea nani atalipa, kiasi gani na ndani ya siku ngapi. Na wamwahidi wakala wao kwamba hesabu ikikataa, mashine itakaguliwa kabla yake. Nawe mtumaji, kabla hujalisukuma boksi upande wa pili, taja kilichomo kwa ukweli na uulize hilo moja: likipotea, nani atanilipa? Ukikosa jibu, ondoka na boksi lako.