Kupima Dawa za Wazee: Je, ni Kuzidharau?

Katika utamaduni wetu dawa si majani na mizizi tu. Ni elimu iliyorithishwa kwa mdomo: mti upi, uchimbwe wapi, uchemshwe vipi, anywe nani na akatazwe nani. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, Wairaqw, Wamaasai, Wabatemi, Wadatoga na Wahadzabe, kila watu wana hazina yao ya elimu hii. Basi yatupasa tujiulize swali ambalo wengi wetu hulikwepa. Elimu hii ikipelekwa maabara, ikasagwa na kupimwa, je, tunaiheshimu au tunaivunjia heshima?

Swali hili si la vitabuni tu. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Dawa hiyo ilichemshwa kutokana na mti ambao Wabatemi, wanaojulikana pia kwa jina la Wasonjo, huuita mugariga. Maelfu kwa maelfu walimwendea kutoka kila pembe ya Tanzania na nchi jirani, na wako waliokata roho wakiwa bado kwenye foleni. Ilisemwa kwamba kikombe kimoja chaponya kisukari, saratani, pumu na hata UKIMWI. Wataalamu wa Serikali waliichunguza dawa ile wakasema haina madhara kwa mnywaji. Lakini kwamba yaponya maradhi hayo, haikuthibitika. Wako walioacha dawa za hospitali kwa kuamini kwamba wamekwisha pona, na aachaye dawa za UKIMWI huyapa maradhi nafasi ya kurudi kwa nguvu. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Haifai kuwacheka watu wale. Mgonjwa aliyekata tamaa hushika hata unyasi. Kosa lilikuwa letu sote kama jamii, kwamba swali la ni wangapi hasa waliopona liliulizwa wakati umati umekwisha fika, ilhali lilipaswa kutangulia. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Tutazame sasa wenzetu wa China, ambao nao wanajivunia dawa za mababu zao. Mwaka 1967 nchi ile ilianzisha mradi wa kutafuta dawa ya malaria. Mtaalamu mmoja, Tu Youyou, akiwa na wenzake, alipekua vitabu vya kale na kuwauliza waganga. Dondoo za mmea uitwao artemisia zilipojaribiwa, mara zilifaa na mara hazikufaa. Ndipo aliporudia kitabu cha Ge Hong, kilichoandikwa yapata miaka 1,600 iliyopita, akaona kwamba mmea huo haukuchemshwa, bali ulilowekwa katika maji na kukamuliwa. Akatambua kwamba labda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Mwaka 1971 aliikamua kwa njia isiyohitaji moto mkali, ikafaulu. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe ili kuona kama ina madhara. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto ya malaria tunayopewa katika zahanati zetu ina asili yake katika mmea huo.

Fundisho ni hili. Kipimo hakikumwaibisha mzee Ge Hong. Kilionyesha kwamba neno lake moja dogo, ambalo wengi walilipita, lilikuwa na uzito.

Siku hizi uchunguzi umekwenda mbali zaidi. Dawa nyingi za mimea haziyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo mwili huzipokea kidogo tu na nyingine hupotea bure. Wataalamu wa China na wa nchi nyingine wanazifunga dawa hizo ndani ya chembe zinazopimwa kwa nanometa, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, ili zipenye na kufika penye ugonjwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ingali katika maabara na kwa wanyama wa majaribio. Lakini mwaka 2005 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani iitwayo paclitaxel, ambayo asili yake ni gome la mti, ikiwa imefungwa katika chembe za protini za namna hiyo.

Sasa tumrudie mzee wa Kimaasai achemshaye gome la olkiloriti katika supu ya nyama. Kwa nini supu, wala si maji matupu? Je, yawezekana kwamba mafuta ya nyama hubeba kitu ambacho maji hayawezi kukibeba? Jibu halipatikani kwa kumsifu mzee, wala kwa kumbeza. Hupatikana kwa kumsikiliza kwa makini, kuandika asemalo, kisha kulipima.

Wako watakaosema kwamba dawa ya jadi haiwezi kutenganishwa na mganga, na imani ya mgonjwa, na jamaa wamzungukao. Neno hilo lina ukweli, na hospitali zetu zingefaidika kwa kujifunza upole huo. Lakini upole haupunguzi sukari katika damu. Mgonjwa anastahili vyote viwili: moyo wa kumfariji na dawa iliyothibitishwa.

Hata hivyo, kipimo nacho chaweza kuwa mlango wa dhuluma. Mti ukichukuliwa Ngorongoro, ukageuzwa chembe zisizoonekana kwa macho na kurudi katika kidonge chenye jina la kigeni, nani atamkumbuka aliyeuonyesha? Aonyeshaye mti ni mwalimu, na mwalimu hulipwa na kutajwa jina. Mwaka 2010 mataifa yalikubaliana huko Nagoya, Japani, kwamba faida itokanayo na viumbe vya asili na elimu ya wenyeji igawanywe kwa haki. Mapatano ni mazuri, lakini hayamfai mzee ambaye elimu yake haikuandikwa popote.

Nchi yetu haikuanza leo. Kitengo cha kuchunguza dawa za asili kiliundwa Muhimbili mwaka 1974, na sheria ya tiba asili ikatungwa mwaka 2002. Lakini kazi ya kwanza haihitaji maabara. Mwanafunzi wa Karatu aweza kumwuliza bibi yake jina la mti, ugonjwa, kipimo na miiko yake, akaandika, na jina la bibi akalitia juu ya ukurasa. Mwalimu naye amfundishe kuuliza swali la pili: tutajuaje kwamba ni kweli? Husemwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nasi twaongeza kwamba anayeishika asili bila kuiuliza hajaijua bado.